Mara ya Kwanza kwenye Theluji ya Japani, Nenda Machi

Wauzaji wa safari za skii za Japani karibu wote huuza bidhaa moja: theluji ya Januari, laini, yenye kina cha kufika kiunoni, pamoja na jina la Niseko, eneo la skii kisiwani Hokkaido. Theluji hiyo ipo kweli, na anayeisifu hadanganyi. Lakini kwa mtu ambaye hajawahi kufunga skii miguuni, na wasomaji wengi wa Kiswahili wenye hamu ya safari hii wako katika kundi hilo, wawe wanaishi Mombasa, Muscat au Minneapolis, sifa hiyo inampoteza. Mimi nasema safari ya kwanza ipangwe kwa kulipa kisogo tangazo hilo: uende Machi, ubaki kisiwa cha Honshu, ulale mahali panapofikika kwa treni na basi, na fedha utakazookoa umpe mwalimu. Wapo watakaoona huko ni kwenda Japani na kuacha kile kilichoipa Japani jina. Pingamizi hilo lina uzito, nami nitalijibu, ila kwanza tuitazame theluji yenyewe.

Wakati wa kipupwe, upepo mkavu wenye baridi kali huvuma kutoka Siberia. Unapovuka Bahari ya Japani, ambayo ina ujoto kiasi kwa sababu ya mkondo wa Tsushima unaopanda kutoka kusini, hunyonya unyevu, kisha hukumbana na safu za milima zilizo karibu na pwani. Hewa hulazimika kupanda, hupoa, na maji iliyoyabeba hushuka yakiwa theluji kwenye miteremko inayotazama bahari hiyo. Siku hiyohiyo Tokyo, upande wa pili wa milima, anga ni jeupe na jua linawaka. Ndiyo maana milima mifupi hupata theluji ya ajabu: kilele cha Niseko-Annupuri kina mita 1,308 tu, yaani kiko chini kuliko jiji la Nairobi, na bado eneo hilo hupokea takriban mita 15 za theluji kwa msimu. Upepo huo huwa na nguvu kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Februari. Matangazo hayaelezi maana yake kwa anayejifunza. Theluji inayoanguka mfululizo huja na wingu zito, jua halionekani kwa siku kadhaa, lifti za juu hufungwa kwa sababu ya upepo, na mwanga huwa mweupe kila upande kiasi kwamba jicho haliwezi kutofautisha kilima na shimo. Mzoefu huvumilia hayo kwa sababu anajua anachokifuata. Mwanafunzi wa siku ya pili, asiyeona ardhi inayokuja mbele ya miguu yake, hujikaza mwili mzima, na mwili uliokakamaa haufundishiki. Ikifika Machi upepo wa Siberia hulegea na jua hurudi, ilhali theluji iliyorundikana tangu Desemba bado ipo, na juu milimani mara nyingi ndiyo imefikia kina chake kikubwa kabisa.

Sasa turudi kwenye pingamizi. Theluji laini yenye kina kirefu si mahali pa kujifunzia. Kwenye mteremko uliosawazishwa na mashine usiku, skii hukaa juu ya theluji na mtu hugeuka kwa kuukandamiza ukingo wake. Kwenye theluji ya kiunoni skii huzama, na ili zipande tena unahitaji kasi, mteremko mkali na uwezo wa kugawa uzito kwenye miguu yote miwili. Yaani vitu vitatu ambavyo mwanafunzi hana au anaviogopa. Akipunguza kasi anazama. Akianguka, hana kitu kigumu cha kuegemea ili asimame, na skii ikichomoka anaweza kuitafuta robo saa nzima. Kwa hiyo hata huko Niseko, wanaoanza hupelekwa kwenye miteremko iliyosawazishwa, ya aina ileile iliyopo katika kila kituo cha skii nchini. Wanalipia theluji ya Januari kwa bei ya Januari, halafu wanajifunza juu ya theluji iliyoshindiliwa.

Wengine hujitetea kwamba wana mazoezi, wanakimbia kila alfajiri, watashika haraka. Hilo lilishajaribiwa, tena Japani kwenyewe, katika bonde la Hakuba, na mtu mwenye mazoezi kuliko wengi wetu. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji, alianza skii mwaka 1996 na kupelekwa Finland kufundishwa. Katika Olimpiki ya Nagano ya 1998, ambayo mashindano yake ya skii za masafa yalifanyika Hakuba, alishiriki kilomita 10 akamaliza wa 92, wa mwisho, huku mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway akimsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alirudi tena kwenye Olimpiki za 2002 na 2006, kwa hiyo sisemi alishindwa. Nasema tu kwamba mapafu ya mkimbiaji wa Kenya, pamoja na takriban miaka miwili ya walimu, havikutosha kuwafikia watu waliokulia juu ya skii. Na mchezo wa kuteremka, unaotaka kujifunza wewe, hauko kifuani. Uko kwenye vifundo vya miguu na kwenye ujasiri wa kuinama kuelekea bondeni wakati akili yote inakuambia uegemee nyuma, na hilo hujifunzwa polepole, kwa kurudia mteremko mmoja mpole mara nyingi, ukiona vizuri unakokwenda.

Hata kalenda inaiunga mkono Machi. Wajapani wenyewe hujaa milimani kati ya Desemba 29 na Januari 3, na katika wikendi ndefu za Januari na Februari, ikiwemo ile ya Februari 11. Mwaka Mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, huleta wageni wengine wengi na kupandisha bei za vyumba. Februari 23 ni sikukuu ya kuzaliwa Mfalme. Baada ya hapo hadi karibu Machi 20, kabla shule hazijafunga, panapatikana majuma yenye nafasi, walimu wasio na foleni na bei za kuzungumzika. Kwa Waislamu, kalenda ya mwezi lazima iwekwe mezani pia: Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu Februari 8 na kumalizika karibu Machi 9, kwa hiyo mwaka huo dirisha ni dogo, baada ya Idi tu; mwaka 2028 mfungo unatarajiwa kwisha mwishoni mwa Februari, na Machi yote inabaki wazi. Kufunga huku unajifunza kuteleza kwenye baridi kunawezekana, lakini sioni sababu ya kulipia tiketi ya ndege ili kujipa mtihani huo.

Je, theluji ya Machi haiwi tope? Huwa, hasa alasiri, hasa mabondeni, na kadiri mwezi unavyosonga. Dawa zake ni mbili. Anza lifti zinapofunguliwa asubuhi, theluji ikiwa bado imekaza, na uache mapema mchana, kabla miguu haijaanza kuvutwa. Pia chagua mahali penye mwinuko. Shiga Kogen, mkoani Nagano, ina lifti zinazofika hadi mita 2,307, na hata chini yake kuko juu sana kuliko vijiji vingi vya skii vya Japani. Hatari kubwa zaidi ya kukosa theluji iko upande mwingine wa msimu. Kipupwe cha 2019/2020 kilikuwa na joto lisilo la kawaida, na theluji upande wa Bahari ya Japani ikawa haba sana. Aliyekuwa amelipia Desemba alikuta nyasi zimechungulia. Mwenye kwenda Machi huiona hali ya msimu mapema, na bado ana muda wa kubadili kituo.

Kuhusu mahali, nashauri Honshu kwa sababu ya reli. Kutoka Tokyo, treni ya kasi, Shinkansen ya Hokuriku, hufika Nagano kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kutoka hapo basi hukufikisha Hakuba kwa saa moja na dakika chache. Ukiendelea na treni hiyo kituo kinachofuata, Iiyama, basi la dakika 25 hukupeleka Nozawa Onsen. Hakuba ni bonde lenye vituo kumi vya skii, na anayeanza asivutwe na Happo-One kwa sababu tu mbio za Olimpiki za kuteremka zilifanyika pale. Aulizie Tsugaike, penye mteremko wa chini mpana na mpole ambao mtu anaweza kuukosea mara kumi bila kumgonga yeyote. Nozawa ni kijiji hasa, chenye vichochoro, mvuke unaotoka mitaroni na mabafu 13 ya umma ya maji ya chemchemi za moto, yasiyo na kiingilio. Ningechagua Tsugaike kwa anayetaka kujifunza kwa bidii, Nozawa kwa familia ambayo nusu yake haitagusa skii kabisa. Kuna pia Gala Yuzawa, ambako Shinkansen ya Joetsu husimama ndani ya kituo cha skii chenyewe: unashuka, unakodi vifaa kwenye jengo hilohilo, unapanda gondola, na jioni uko Tokyo. Kilifunguliwa mwaka 1990, enzi za wazimu wa skii nchini humo. Ni pazuri kwa mwenye siku moja na mashaka mengi, lakini wikendi hujaa wakazi wa Tokyo, na sipendekezi mtu apange juma zima hapo.

Usikimbilie kununua pasi ya reli ya watalii. Hadi Septemba 2023 pasi ya siku saba ilikuwa yeni 29,650. Oktoba mwaka huo ikapanda hadi 50,000. Nauli ya Tokyo hadi Nagano ni kama yeni 8,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni takriban theluthi moja ya bei ya pasi. Na wanaofikiria kukodi gari, kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama sisi na magari yao ndiyo yamejaa barabarani kwetu, wasome masharti kwanza. Japani hutambua kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 pekee. Uganda na Rwanda zimo katika mkataba huo; Kenya na Tanzania hazimo. Hata mwenye kibali halali ajiulize kama barabara ya barafu yenye kona ndipo pa kujifunzia kuendesha kwenye theluji. Mizigo isikutie hofu ya treni: kampuni za usafirishaji wa vifurushi hulichukua begi uwanja wa ndege au hotelini na kulifikisha kijijini kesho yake au keshokutwa, huduma ambayo imewahudumia watu wa skii tangu miaka ya 1980. Beba tu mkoba wenye nguo za usiku mmoja.

Niseko nayo nisiionee. Ina watu wengi wanaozungumza Kiingereza kuliko karibu kituo chochote cha Japani, shule zake za watoto zimezoea wageni, na baridi ya Hokkaido huifanya theluji ya Machi ikae kavu kwa muda mrefu zaidi. Familia yenye watoto wadogo na mfuko mnene haitajuta. Lakini lazima uruke tena kutoka Tokyo hadi New Chitose, kisha upande basi kwa saa mbili hadi tatu, na tiketi ya siku ya kupanda lifti zote imevuka yeni 10,000 katika misimu ya karibuni. Mwanafunzi hana haja ya lifti zote. Atatumia moja au mbili, mteremko uleule, siku tatu za kwanza. Hilo ni kweli kila mahali: kabla ya kununua tiketi ya bonde zima, uliza kama ipo ya nusu siku, ya lifti za wanaoanza, au ya kuhesabu mizunguko.

Fedha iliyobaki iende kwa mwalimu, tena siku mbili za kwanza mfululizo, asubuhi zote. Hata Wajapani hawakuzaliwa na ujuzi huu: ulianza kufundishwa rasmi Januari 12, 1911, pale Takada, mkoani Niigata, ofisa wa jeshi la Austria Theodor von Lerch alipowafundisha wanajeshi wao. Walimu wanaofundisha kwa Kiingereza wapo Hakuba na Nozawa, lakini ni wachache kuliko wanafunzi, hivyo wawekewe nafasi miezi kadhaa mapema, kabla hata ya chumba. Rafiki anayejua skii si mbadala. Atakupandisha mteremko anaoupenda yeye, akuambie ufuate, na ifikapo saa sita mtakuwa hamsemeshani. Kati ya skii na ubao wa theluji, anayetaka kufurahia mapema achukue skii, kwa sababu miguu iko huru na uso unatazama mbele. Ubao huadhibu siku mbili za kwanza, makalio na viganja vikipokea kila kosa, ingawa baadaye wengi huendelea nao haraka. Mwenye siku tatu tu asiuguse. Panga siku tano za mlimani na moja ya kupumzika katikati. Ajali nyingi huja miguu ikiwa imechoka na mtu akijidai anataka mzunguko wa mwisho. Kutoka Afrika Mashariki saa zinasogea mbele kwa sita, kwa hiyo siku ya kufika ni ya kulala. Anayepitia Dubai na kuruhusiwa kutoka uwanjani anaweza kupata somo la kwanza katika Ski Dubai, ukumbi wa theluji uliofunguliwa mwaka 2005 ndani ya duka kubwa. Saa mbili pale zitatosha kujua kama mchezo huu ni wako kabla hujalipia juma zima.

Vifaa, koti na suruali ukodi hukohuko. Kununua kwa safari moja ni kutupa pesa. Pima wayo wako kwa sentimita, kisigino hadi ncha ya dole gumba, maana viatu vya skii huandikwa hivyo, na mwenye mguu mkubwa, wa sentimita 30 au zaidi, aandike barua pepe dukani mapema. Glovu, soksi ndefu nyembamba na nguo za ndani zisizo za pamba ni zako mwenyewe. Pamba hulowa jasho na kugeuka barafu. Na ngozi nyeusi isikufanye uache mafuta ya kukinga jua: theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, na macho hayana weusi wa kuyakinga. Machi jua ni kali, kwa hiyo miwani ni lazima.

Chakula cha migahawa ya mlimani ni kitamu na cha bei ya kawaida, lakini asiyekula nguruwe awe macho. Wali wa mchuzi wa kari wenye kipande cha nyama iliyokaangwa, ambao ndio mlo wa skii wa Japani, mara nyingi ni nguruwe, na supu za tambi nyingi huchemshwa kwa mifupa yake. Chukua chumba chenye jiko. Mabafu ya chemchemi yana desturi ambayo wengi wetu itatushtua: wanaume mbali, wanawake mbali, lakini ndani hakuna nguo kabisa, na mtu huoga kwa sabuni kabla ya kuingia majini. Asiyekubali hilo asijinyime maji. Nyumba nyingi za wageni zina bafu la familia linalokodishwa kwa saa na kufungwa kwa ndani. Bi harusi mwenye hina na piko mikononi ajue kwamba baadhi ya mabafu hukataa michoro ya chale mwilini, na mhudumu huenda asitofautishe. Bafu la kukodi humaliza mjadala.

Yapo mambo ya makaratasi. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza kabla ya kuondoka. Mwenye ya Uingereza, Marekani au Kanada huingia bila viza kwa siku 90. Kwa hiyo mpangilio wa malipo si mmoja kwa wote: anayesubiri viza achukue chumba na mwalimu wanaokubali kughairi, na tiketi ya ndege isiyobadilika aiache hadi jibu litoke. Bima isomwe sentensi kwa sentensi. Nyingi za kawaida huitoa skii nje, na nyingi zinazoikubali huacha kumlinda mtu mara anapovuka kamba ya mpaka wa kituo. Nje ya kamba hiyo kuna maporomoko ya theluji, na mashimo yaliyofichika kwenye mashina ya miti ambayo humeza mtu kichwa chini. Gharama za kukutafuta hudaiwa wewe. Ukiona alama za skii zimepita chini ya kamba na kuingia msituni, aliyeziacha huenda ana mwongozaji, chombo cha kutuma ishara na miaka ishirini ya mazoezi, au hana hata kimoja. Kwa mtu wa juma la kwanza, ni kugeuka na kurudi kwenye mteremko uliosawazishwa.